Mombasa na mtoto mdogo: Safari huanzia kliniki na kuishia kliniki

Likizo za Aprili, Agosti na Desemba zinapokaribia, familia nyingi za Kawangware hupanga safari ya Mombasa. Wapo wanaoweka akiba ya chama mwaka mzima, na wapo wanaokwenda kumtembelea jamaa Kisauni au Likoni na kupata nafasi ya kuwaonyesha watoto bahari. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 3 hajui hesabu hizo. Akiona maji, anakimbilia maji.

Kuna hatari mbili ambazo mzazi anafaa kuzifahamu kabla ya kununua tiketi. Ya kwanza ni maji yenyewe, ambayo yanaweza kumzamisha mtoto kwa muda mfupi bila kelele. Ya pili ni malaria, ambayo dalili zake mara nyingi huonekana familia ikiwa tayari imerudi nyumbani. Zote mbili zinaweza kuzuiwa.

Kwa nini mtoto wa Nairobi?

Kawangware iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya hapa hupunguza kasi ya kukua kwa vimelea vya malaria ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla vimelea hivyo havijakomaa. Ndiyo maana ni nadra mtu kuambukizwa malaria jijini. Pwani kuna joto mwaka mzima na ugonjwa huo upo.

Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga dhidi ya malaria, na akiugua anaweza kuzidiwa haraka. Mzazi aliyekulia Busia au Kilifi naye asijitegemee: kinga ya utotoni hupungua mtu akiishi mbali na maeneo hayo kwa miaka mingi, na mtoto wake wa umri huu hana kinga hiyo. Kwa hivyo maelezo haya ya malaria yanawahusu pia wanaokwenda likizo Kisumu, Kakamega au Busia.

Kabla ya safari

Mpeleke mtoto kliniki, kwa mfano Kituo cha Afya cha Riruta, wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka. Beba kitabu cha mama na mtoto. Mhudumu ataangalia kama chanjo zimekamilika, ikiwemo ile ya surua na rubela inayotolewa katika miezi 9 na miezi 18.

Uliza pia kuhusu dawa ya kukinga malaria. Kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto, baadhi ya dawa hizo hazifai watoto wadogo, na nyingine lazima zianzwe kabla ya safari. Usinunue dukani kwa kukisia.

Hakikisha mtoto amesajiliwa kama mtegemezi wako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili huo unatumika Mombasa kama unavyotumika Nairobi. Kwenye mfuko wa safari weka pakiti za ORS, dawa ya homa ya paracetamol, kipimajoto, kofia pana na chandarua.

Njiani

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huondoka kituo cha Syokimau. Kutoka Kawangware, panda matatu ya 46 hadi mjini, kisha treni ya kuunganisha kutoka Stesheni Kuu ya Nairobi. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipi lakini hapewi kiti, naye wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Thibitisha bei unapokata tiketi kwa kubonyeza *639#.

Kwa wenye watoto wadogo, treni ya asubuhi ina faida. Hufika Miritini mchana, na familia hupata nafasi ya kutafuta matatu, kufika inakolala na kufunga chandarua kabla ya mbu kuanza kuuma. Kata matunda ukiwa nyumbani, kwa sababu kisu hakipiti kwenye ukaguzi wa stesheni.

Ufuoni

Familia nyingi huenda Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, unaojulikana zaidi kama Pirates. Kabla ya kumvua mtoto viatu, muulize mvuvi au mwenyeji swali moja: maji yanajaa au yanakupwa?

Bahari hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa muda wa karibu saa 24 na dakika 50. Kwa hivyo maji yaliyojaa saa 2 asubuhi leo yatajaa karibu saa 2 na dakika 50 kesho. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa Mombasa inaweza kukaribia mita 4. Mahali mlipotandika leso asubuhi panaweza kuwa chini ya maji kabla ya chakula cha mchana. Maji yakikupwa, madimbwi hubaki kwenye miamba. Hayo pia si salama kwa mtoto, kwani mengine yana viumbe wenye miiba mikali. Mvishe viatu vya plastiki.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Huenda chini kimya, hata katika maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima. Kanuni ni moja: mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa kunyoosha mkono. Mkiwa watu wazima watatu, pangeni zamu na mtajane kwa majina, maana mtoto anayeangaliwa na wote huishia kutoangaliwa na yeyote. Mwenye zamu asishike simu. Maboya ya tairi yanayokodishwa ufuoni ni ya kuchezea. Hayaokoi maisha, kwani mtoto huteleza katikati au husukumwa na upepo kuelekea kina.

Jua ni kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Chezeni mapema au baadaye, na katikati ya siku mkae kivulini. Mpe mtoto maji safi ya kunywa mara kwa mara, bila kungoja aombe. Akihara, mpe ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na umpeleke kituo cha afya.

Usiku

Mbu wa malaria huuma zaidi kati ya magharibi na alfajiri. Jua likianza kutua, mvishe mtoto nguo ya mikono mirefu na suruali. Alale ndani ya chandarua kila usiku, hata kama feni inafanya kazi. Ukitumia mafuta ya kufukuza mbu, soma umri unaoruhusiwa na usimpake viganjani, kwa sababu viganja vya mtoto huishia mdomoni. Mombasa imewahi pia kupata milipuko ya dengi na chikungunya, magonjwa yanayoenezwa na mbu wanaouma mchana, kwa hivyo kinga isingoje giza.

Mkirudi nyumbani

Hapa ndipo wengi hukosea. Vimelea vya malaria huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 30 mwilini kabla ya homa kuanza. Mtoto anaweza kurudi Kawangware akiwa mzima, akacheza wiki nzima, kisha akaamka na homa, kutapika au kukataa kula. Mzazi hudhani ni mafua ya baridi ya Nairobi.

Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na utamke maneno haya: “Tulikuwa Mombasa.” Kwa kuwa malaria ni nadra hapa, mhudumu asiyejua mlikotoka anaweza kufikiria ugonjwa mwingine kwanza. Tone la damu la kupima malaria hutoa jibu kwa dakika chache, na malaria ikigunduliwa mapema hutibika. Usimpe mtoto aspirini, wala dawa ya malaria iliyobaki nyumbani. Akishikwa na degedege, akilegea au akishindwa kunyonya na kunywa, hiyo ni dharura: mkimbize hospitali bila kuchelewa.

Namba muhimu: Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Mtoto akipotea au akiwa hatarini, 116. Polisi na dharura nyingine, 999 au 112.