Bandia au Kubebeshwa: Juu ya Kuitaja Protini ya Kondo kwa Kiswahili

Istilahi za elimu ya chembehai zinaingia katika Kiswahili kwa kasi isiyowapa wanaisimu nafasi ya kuzipima. Makala haya yanashughulikia moja tu kati ya hizo, nayo ni jina la protini ya kondo ya binadamu ambayo haikutolewa katika kondo lenyewe, bali imetengenezwa maabarani kwa ajili ya utafiti. Wepesi wa ulimi hushawishi iitwe "protini bandia". Hoja ya makala haya ni kwamba jina hilo si sahihi, na kwamba neno lifaalo tayari limo mikononi mwa wakulima.

Kwanza kitu chenyewe. Mfano ulio karibu ni ile homoni ijulikanayo kwa kifupi kama hCG. Hutolewa na chembehai za kondo tangu siku za mwanzo za mimba, nayo ndiyo inayotambuliwa na vile vipimo vya mkojo vinavyouzwa katika maduka ya dawa, Kangema kama kwingineko. Ina minyororo miwili: alfa, yenye asidi amino 92, na beta, yenye 145. Mnyororo wa alfa unapatikana pia katika homoni nyingine tatu za mwili. Ni beta unaoipambanua hCG. Zamani ilichujwa kutoka katika mkojo wa wanawake wajawazito. Siku hizi jeni za binadamu zinazoiagiza huweza kuingizwa katika chembehai za ovari ya hamsta, mnyama wa jamii ya panya, ambazo hulelewa katika matangi na kutoa homoni ya binadamu. Bakteria, waliotumiwa kutengenezea insulini ya binadamu mwaka 1978, hawafai hapa, kwa sababu hCG hushikamana na sukari ambazo bakteria hao hawawezi kuziambatisha.

Kiswahili kina "kondo ya nyuma" (au "la nyuma", kwani ngeli yake haijatulia) na "zalio". La kwanza hulitazama umbo hili kama kitu kifuatacho mtoto, tena limo hatarini kuchanganywa na "kondo" ya washairi, yaani vita. "Zalio" limetokana waziwazi na kuzaa, na kwa istilahi lina nguvu zaidi. Wala wenyeji wa Kangema hawakukitazama kitu hiki kama taka: katika mila za Agikuyu kilizikwa katika ardhi isiyolimwa.

Ugumu umo katika sehemu ya pili ya jina. "Rikombinanti" huhifadhi sauti ya asili na kumwacha msomaji gizani. "Bandia" ni baya zaidi, maana noti bandia si noti, na dawa bandia si dawa. Lakini mpangilio wa asidi amino za protini hii ni ule ule wa binadamu.

Hili si suala la meza ya kamusi tu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na beta ya hCG. Wizara ya Afya ilikanusha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF vilikanusha pia, vikieleza kuwa chanjo hupimwa katika maabara inayofaa, kwa kichupa kisichofunguliwa, si kwa sampuli ya damu. Iliwahi kuwapo kweli chanjo ya majaribio ya kuzuia mimba, iliyojaribiwa India na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1994, ambamo beta iliunganishwa na sumu iliyofishwa ya pepopunda au ya dondakoo. Hiyo ilikuwa chanjo nyingine kabisa. Mwanamke wa Kangema, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikuyu, angewezaje kuzitenganisha chanjo hizi mbili kwa Kiswahili kisicho na maneno ya kutofautisha kilichochanganyika, kilichounganishwa na kilichotengenezwa?

Murang'a ni nchi ya maparachichi. Mkulima huchukua kikonyo cha aina ya Hass akakiunga juu ya shina la mparachichi mwingine. Mizizi ni ya mwingine, tunda ni la Hass, na hakuna mnunuzi aliitaye bandia. Wengi Kenya husema "kupandikiza", lakini neno hilo limekwisha kuelemewa na miche na figo. Maandishi ya kilimo ya Tanzania hupendelea "kubebesha", nalo ndilo linalopendekezwa hapa.

Mlingano huo una mpaka. Katika mparachichi, kikonyo na shina hubaki kila kimoja na jeni zake. Katika chembehai ya hamsta, jeni ya kigeni huingia ndani ya urithi wa chembehai yenyewe. Aidha, kinachobebeshwa ni jeni, mbebaji ni chembehai, na protini ni tunda. Kwa hiyo "protini iliyobebeshwa" ingekuwa kosa la mantiki. Iandikwe "protini ya zalio ya jeni iliyobebeshwa", na mbebaji atajwe palipo na haja: "katika chembehai za hamsta".