Sauti ya tarakilishi ikikatika, asiyeona afanyeje?

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye haoni, aliketi mbele ya tarakilishi tayari kuandika insha ya mtihani wa Kiswahili, nayo tarakilishi ikakataa kusema. Alibonyeza kitufe hiki na kile, akainama na kutega sikio, asisikie kitu. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kuandika. Fundi wa maabara aliitwa, akatazama skrini, akaona maandishi yote yamo na taa zinawaka, kisha akatamka kwamba mashine ni nzima.

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwa fundi yule, mwenye macho yake mawili, mashine ilikuwa nzima kweli. Kwa binti yule ilikuwa sawa na mwenye kuona kufunikiwa skrini kwa blanketi zito, halafu aambiwe aendelee na kazi.

Pengine si wasomaji wote wajuao jinsi asiyeona atumiavyo tarakilishi, nami sioni haya kukiri kwamba hadi miaka michache iliyopita sikujua. Aghalabu hatumii kipanya. Hutumia kibodi, huku programu ya kusoma skrini ikimtajia kilichopo mbele yake. Programu hiyo huyapitisha maandishi kwa programu nyingine ambayo kazi yake ni kuyageuza yawe sauti, na sauti hiyo nayo hupelekwa kwenye spika au visikizio. Basi hapo pana hatua tatu. Hatua yoyote kati ya hizo ikikwama, msikilizaji hupata jambo moja tu, nalo ni kimya. Na kimya hakisemi kimetoka wapi.

Fundi wetu hakujisumbua kukiuliza. Aliifuta programu na kuiweka upya, kazi iliyochukua takriban dakika 40 na kupoteza mipangilio yote ambayo binti yule alikuwa ameizoea. Kimya kikabaki pale pale. Ikabidi nimsomee swali kwa kinywa changu, naye anitajie insha yake neno kwa neno, nami niandike. Mwalimu yeyote wa insha aijua hasara yake. Mwandishi hukata, hurudi nyuma, huhamisha aya nzima. Nani atathubutu kufanya hayo mbele ya mwalimu wake anayengoja na kalamu mkononi?

Jioni nilimpigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, asiyeona pia, ambaye siku hizi hujipatia riziki kwa tarakilishi. Hakuuliza hata jina la programu. "Mwalimu," akasema, "nijibu kwanza: ukicheza wimbo wowote katika mashine hiyo, unasikika?" Haukusikika. "Basi iache programu, haina kosa. Je, kuna waya wowote mgeni uliochomekwa hapo?" Ulikuwapo. Siku iliyotangulia mwalimu mwenzangu alikuwa ameunganisha projekta kuonyesha tamthilia, naye akaondoka pasi na kuuchomoa waya. Muda wote ule tarakilishi ilikuwa ikisoma kwa bidii, ila sauti yake ilikuwa ikipelekwa kwa projekta isiyosikiwa na mtu. Niliuchomoa waya, na papo hapo mashine ikanena.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba swali la wimbo ndilo mlango wa kuingilia. Wimbo usiposikika, kosa limo katika sauti ya mashine nzima: waya, spika, kiwango cha sauti, au mahali sauti inakopelekwa. Wimbo ukisikika ilhali msomaji yu kimya, hapo ndipo programu ishukiwe. Huenda imezimika tu. Wenye kutumia NVDA huiwasha tena kwa kubonyeza Control, Alt na N kwa pamoja. Au huenda mwanafunzi ameizima sauti kwa mkono wake mwenyewe bila kujua, kwa maana katika programu hiyo kitufe cha Insert kikibonyezwa pamoja na S, usemi huzimwa, ama hugeuka milio mitupu. Ukiendelea kubonyeza hivyo hivyo usemi hurudi. Na yote yakishindikana, ndani ya Windows ya siku hizi mna msomaji mwingine wa akiba, ambaye huitwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows, Control na Enter. Ni kama gurudumu la spea: hutalipenda, lakini litakufikisha.

Kuna hitilafu nyingine ambayo sisi walimu wa Kiswahili inatuhusu zaidi, nayo ni ya sauti kuwapo lakini ikabwabwaja. Sauti ya Kiingereza ikipewa makala ya Kiswahili, "moyo wake" huwa "moyo weik", "pole" huwa "poul", na "zama za kale" hugeuka mboga. Nimewaona wanafunzi wakivumilia mateso hayo mwaka mzima, wakidhani tarakilishi haikuumbiwa Kiswahili. Sivyo. eSpeak, programu ya kuunda sauti ambayo huja pamoja na NVDA, ina sauti ya Kiswahili, na kuichagua ni kazi ya dakika moja katika mipangilio. Isitoshe, tahajia yetu ni nyepesi kwa mashine: herufi husomwa zilivyoandikwa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Itajikwaa hapa na pale, kwa mfano katika "barabara", ambayo haiwezi kujua kama ni njia ya magari au ni jambo lililofanywa sawasawa. Hata watoto wetu wenye kuona hujikwaa papo hapo.

Tujihadhari pia tusitengeneze kisichoharibika. Sauti ya eSpeak ni kavu kama bati, na mwalimu mwenye huruma hutaka kuiondoa alete sauti tamu ya kibinadamu. Amwulize mwenyewe kwanza. Wengi waliozoea sauti ile huisikiliza kwa kasi ambayo mimi siambulii hata neno, na huipenda kwa sababu hujibu upesi na haipotezi ubayana ikiharakishwa. Vilevile karatasi ya mtihani wa zamani iliyopigwa picha na kutumwa haitasomeka, si kwa sababu programu ni mbovu, bali kwa sababu picha haina herufi ndani yake. Kosa hilo ni letu sisi tuliotuma.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 humpa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vitokanavyo na ulemavu wake. Shule nyingi huridhika kifaa kikishanunuliwa. Lakini je, kifaa kilichonyamaza siku ya mtihani kina tofauti gani na kifaa kisichokuwapo? Mafunzo tunayowapa hawa vijana huwa ni ya kutumia mashine tu; kuitengeneza tumewaachia wenye macho. Dhana hiyo imetoka wapi? NVDA yenyewe ilianzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona, akaungana naye James Teh, asiyeona vilevile, nao wakaitoa bure kwa ulimwengu. Ikiwa wasioona waliweza kuiunda programu, sioni kwa nini asiyeona wa Kidato cha Tatu asifundishwe kuipima inapougua, tena katika juma lake la kwanza maabarani, kabla hajafundishwa kuandika barua.

Mimi nilianza na binti yule. Nilimpa maswali yale, akayachapa kwa Breli na kuyabandika chini ya meza. Juma lililopita projekta ilisahauliwa tena. Nilipofika maabarani alikuwa amekwisha kupapasa nyuma ya mashine, waya umelala mezani, naye anaandika.