Sabuni ya Mkono na Ngozi Nyeti (2): Mafuta Yanayobaki

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mafuta na kostiki soda vinavyokutana na kuzaa vitu viwili: sabuni na glisirini. Leo tumgeukie mtu ambaye kila akibadilisha sabuni ngozi yake huwasha, hupauka au hutoka vipele. Sabuni iliyotengenezwa kwa mkono ina faida gani kwake?

Faida ya kwanza ni hiyo glisirini. Kazi yake ni kuvuta unyevu na kuushikilia kwenye ngozi. Viwanda vikubwa huitenga na sabuni kwa maji ya chumvi, kwa sababu ina soko lake katika dawa, vipodozi na hata vyakula. Mama anayepika sabuni katika vijiji vya Paje au Jambiani, Unguja, hana mtambo wa kuitenga, hivyo yote hubaki ndani ya kipande anachokuuzia.

Faida ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni mafuta yanayoachwa makusudi. Ili kilo moja ya mafuta ya nazi igeuke sabuni yote, huhitajika takribani gramu 183 za kostiki soda. Fundi makini hatii zote. Hupima kama gramu 174, na kwa hesabu hiyo asilimia 5 hivi ya mafuta hukosa soda ya kuyageuza. Mafuta hayo hukaa humo humo, na ndiyo yanayoifanya ngozi isibane baada ya kuoga. Kwa hiyo katika kazi hii mizani ni kila kitu. Anayepima soda kwa kikombe na kukisia kwa macho anaweza kuzidisha, na soda iliyozidi huunguza. Sabuni ya namna hiyo ni hatari kuliko ile ya kiwandani unayoikimbia, hata kama imefungwa vizuri kwa ukili.

Jambo jingine la kuangalia ni aina ya mafuta. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo hutoa povu jingi hata kwenye maji ya chumvi. Sifa hiyo inapendwa pwani, lakini ina gharama yake: sabuni ya nazi tupu huosha mno na kuondoa hata mafuta ambayo mwili umejitengenezea. Mwenye ngozi nyeti atafute iliyochanganywa na mafuta ya alizeti, parachichi au zeituni.

Mbali na mafuta, Unguja sabuni hutiwa mwani pia. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza huko mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani mkavu unaouzwa nje huwaletea kipato kidogo, ndiyo maana baadhi yao wakaingia kwenye sabuni. Mwani huoshwa chumvi na mchanga, hukaushwa, husagwa, kisha unga wake hutiwa kwenye mchanganyiko wa mafuta na soda. Hukorogwa mpaka uji uwe mzito kiasi kwamba ukiinua mwiko, tone linalodondoka huacha alama juu yake. Hapo humiminwa kwenye kalibu, hukatwa siku inayofuata, na vipande hupangwa kivulini wiki 4 hadi 6 vikauke na kukomaa.

Je, mwani unatibu ngozi? Nisingependa msomaji anunue kwa tumaini hilo. Sabuni hukaa mwilini dakika moja au mbili, kisha huoshwa. Thamani ya sabuni hizi iko kwenye mafuta yake, mizani yake na uangalifu wa mikono iliyozipika.

Karafuu inayotiwa kwenye sabuni nayo ina tahadhari yake. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, kitu kinachojulikana kuamsha mzio kwa baadhi ya watu. Mdalasini nao unaweza kuamsha mzio. Kitu kuwa cha asili hakumaanishi kwamba ni kipole. Kama ngozi yako ni ya kuwasha, chukua sabuni isiyo na manukato wala rangi.

Tena, usidanganywe na anayekwambia sabuni yake ya mafuta na soda ina kipimo cha pH sawa na cha ngozi. Ngozi ina asidi kidogo, karibu na 5; sabuni ya kweli, ya mkono au ya kiwanda, huwa kati ya 9 na 10. Ngozi yenye afya hujirekebisha baada ya saa chache, lakini ya mtoto mwenye pumu ya ngozi huchelewa. Huyo aogeshwe kwa muda mfupi, kwa maji yasiyo moto, na apakwe mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu.

Basi kabla ya kulipa, muulize muuzaji: umetumia mafuta gani, umepima soda kwa mizani, sabuni imekomaa wiki ngapi? Fundi wa kweli atajibu bila kusita. Ukifika nyumbani, ijaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono kwa siku kadhaa. Ikiwasha, iache. Na kama ngozi imepasuka, inatoa maji au inakunyima usingizi, usiendelee kubadilisha sabuni. Nenda ukamwone daktari wa ngozi.