Ua la Usambara Litambaalo: Ukuzaji na Utunzaji Wake

Katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, wakati theluji imetanda nje, huonekana chungu kidogo chenye majani manene ya vinyweleo laini na maua ya rangi ya urujuani. Mmea huo hutunzwa kwa upendo kama mgeni aliyetoka mbali. Nao kweli umetoka mbali: kwao ni Tanzania na Kenya, na Wajerumani huuita kwa jina lenye maana ya "urujuani wa Usambara". Makala hii yaeleza jinsi ya kuukuza, hasa ile namna yake itambaayo na kuning'inia, na sababu za kisayansi za kila hatua ya utunzaji.

Asili na Jina

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Wajerumani, aliukuta mmea huu karibu na Tanga, katika nyufa za miamba ya chokaa. Aliuona pia katika msitu wa Usambara. Ulifikishwa kwa baba yake huko Ujerumani, naye akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliupa jina la Saintpaulia ionantha. Bila shaka wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakiuona tangu zamani; lililofanyika mwaka huo ni kuuandikisha katika daftari la sayansi.

Baadaye wataalamu walieleza spishi zipatazo 20. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulizipunguza kuwa 6, na mwaka 2015 kundi zima liliingizwa katika jenasi ya Streptocarpus, baada ya ushahidi wa DNA kuonyesha kuwa ni ukoo mmoja. Kwa hiyo mmea utambaao wa Usambara Mashariki, uliojulikana kama Saintpaulia grotei, sasa ni nususpishi ya Streptocarpus ionanthus. Mwanafunzi asishangae kuyakuta majina yote mawili vitabuni.

Mimea mingi iuzwayo madukani ina shina fupi mno, na majani yake hujipanga kwa duara. Grotei ni tofauti. Shina lake hurefuka, likitambaa juu ya mawe yaliyofunikwa na vimea vya kijani kama zulia, na kila pingili igusapo unyevu huweza kutoa mizizi. Kwa sababu hiyo wakuzaji wa ng'ambo waliitumia pamoja na jamaa zake kuzalisha mimea ya kuning'inizwa vikapuni.

Msitu Ndio Mwalimu

Mwenye kutaka kuutunza mmea huu na autazame kwanza unavyoishi kwao. Huota chini ya miti mikubwa, mara nyingi kwenye miamba iliyo karibu na vijito. Udongo wake ni kidogo, hasa mboji iliyojikusanya katika nyufa. Maji hupita haraka wala hayatuami. Mwanga huufikia ukiwa umechujwa na majani ya miti, na hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Kanuni zote za utunzaji zatokana na mambo haya.

Chungu kiwe kipana na kifupi, chenye matundu chini, kwa kuwa mizizi haiendi mbali. Changanya mboji iliyooza vizuri na mchanga mkavu wa mtoni kwa kiasi kilicho sawa, kisha utandaze kokoto chini. Udongo mzito wa mfinyanzi haufai: hujaa maji, mizizi hukosa oksijeni, nayo huoza.

Chungu kiwekwe dirishani palipo na mwanga mwingi lakini jua kali lisipige moja kwa moja. Majani yakigeuka ya njano na kukauka pembeni, mwanga umezidi. Vikonyo vikirefuka na maua yasitokee, mwanga haujatosha. Joto la kati ya nyuzi 18 na 25 za Selsiasi ndilo lifaalo zaidi. Katika miji ya pwani, ambako joto hupita nyuzi 30, chagua upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri na wenye upepo mwanana.

Mwagilia tu pale udongo wa juu uanzapo kukauka ukiuguswa kwa kidole. Ni vema kuweka maji katika kisahani chini ya chungu kwa nusu saa, kisha kuyamwaga yanayobaki. Mbolea iwe kidogo, iliyozimuliwa sana, mara moja kwa mwezi. Wakionekana wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo, wafute kwa kitambaa chenye spiriti na kuutenga mmea na mingine.

Ili mmea utambaao uwe na vichwa vingi, kata ncha ya shina. Ncha hiyo hutengeneza homoni ya oksini, ambayo huzuia vichipukizi vya pembeni visikue. Ikiondolewa, vichipukizi hivyo hupata nafasi, na baada ya miezi michache mashina hujaa pande zote za chungu na kuanza kuning'inia.

Jani Moja, Miche Mingi

Mmea huu hauhitaji mbegu ili kuongezeka. Kata jani zima lenye afya pamoja na kikonyo cha urefu wa sentimita 3 hivi, ukichomeke kwa mshazari katika mchanga wenye unyevu, kisha ulifunike kwa chupa ya kioo. Mizizi hutokea baada ya wiki 3 au 4, na miche midogo huchomoza chini ya kikonyo baada ya miezi miwili hivi. Chembe hai za ngozi ya kikonyo, ambazo kazi yake ilikuwa kulinda tu, huanza upya kujigawa na kujenga mmea mzima. Ni vigumu kupata mfano bora kuliko huu wa kufundishia uzazi usio wa jinsia.

Jaribio la Darasani

Inajulikana kuwa maji ya baridi huacha madoa meupe kwenye majani. Wengine hudhani kuwa matone hukusanya miali ya jua kama kioo cha kukuzia. Mwalimu aweza kuwaachia wanafunzi wakate shauri wenyewe. Yatengwe majani matatu ya mmea mmoja, kivulini. La kwanza lidondoshewe maji yenye joto la chumba, la pili maji ya barafu, la tatu liachwe. Baada ya siku chache madoa yataonekana kwenye jani la pili, ingawa jua halikuwapo. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walionyesha sababu yake: joto la jani likishuka ghafla, vakuoli za chembe zilizo chini ya ngozi ya juu hubomoka, na asidi iliyomo huziharibu chembe hizo kwa ndani.

Hatari Iliyopo

Jaribio hilo lafundisha jambo kubwa zaidi, yaani mmea huu hauvumilii badiliko la ghafla. Katika miaka ya 1970 na 1980 miti mingi ya Usambara Mashariki ilikatwa kwa mashine kwa ajili ya mbao. Mti mkubwa ukiangushwa, jua hulipiga jiwe lililokuwa kivulini, zulia la kijani hukauka, na ua hufa ingawa hakuna aliyeling'oa. Hifadhi ya Asili ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, yalinda sehemu ya msitu huo. Huko Kenya, spishi moja huota katika kilima cha Mbololo tu, katika milima ya Taita. Kilima hicho kikikosa miti, haina pengine pa kukimbilia.

Mamilioni ya vyungu vilivyoko ng'ambo haviwezi kuziba pengo hilo. Mimea hiyo imechaguliwa kwa uzuri wa maua, na wingi wake watokana na asili chache. Uwezo wa kustahimili ukame, maradhi au joto umo katika mimea ya porini, kila bonde na wake.

Kwa hiyo shule itakayo kuukuza mmea huu isiende kung'oa msituni. Ianze kwa jani kutoka kwa mtu aliye nao tayari. Jani moja latosha kwa darasa zima, na kufikia mwisho wa mwaka kila mwanafunzi aweza kuwa na chungu chake, na msitu ukabaki na wake.