Uvimbe Mweusi Kwenye Ufizi wa Mtoto: Si Kila Mara ni Jino

Mimi si tabibu. Nilikuwa karani wa hospitali, kazi yangu kupiga taipu majibu ya maabara. Jambo hili nalieleza kwa ajili ya wajukuu zetu.

Uko uvimbe adimu unaowapata watoto wachanga, wengi wao hawajatimiza mwaka. Mara nyingi huota mbele ya taya la juu. Ufizi huvimba, ukawa na rangi ya buluu au nyeusi, na hukua upesi katika wiki chache. Krompecher aliueleza mwaka 1918, akaudhani saratani. Mwaka 1966 Borello na Gorlin walionyesha kuwa asili yake ni chembe ambazo, mtoto akiwa tumboni, hujenga mishipa ya fahamu na rangi ya ngozi. Ndiyo sababu ya weusi wake.

Huku Ghuba, mama humpiga mtoto picha akamtumia bibi Unguja au Dar es Salaam. Bibi hujibu, "Linaota jino." Mara nyingi husema kweli, kwani jino likitaka kutoka, ufizi huweza kufanya lengelenge la buluu lisilo na madhara. Lakini wapo watakaosema ni "meno ya plastiki", mtoto akang'olewe. Meno hayo hayapo. Kinachong'olewa ni jino changa, na mtoto huweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizo. Na kama ni uvimbe huu, wakati unapotea na mfupa unaliwa.

Daktari huutambuaje? Kwanza hupiga picha za taya kuona mfupa umeliwa kiasi gani. Mkojo nao hupimwa, maana uvimbe huu huweza kutoa asidi ya vanililimandeliki. Lakini mkojo ukiwa safi, hiyo si hakika kuwa haupo. Hakika hutoka kwenye kipande cha nyama. Chini ya darubini huonekana chembe za namna mbili: kubwa zenye weusi, na ndogo za duara zinazofanana na chembe changa za fahamu. Zikionekana ndogo peke yake, huweza kudhaniwa saratani nyingine.

Kwa kawaida si saratani, na dawa yake ni upasuaji. Ila baadhi hurudi, kwa hiyo mtoto hufuatiliwa.

Basi ukiona uvimbe wa wiki hii umeupita wa wiki iliyopita, mpeleke mtoto kwa daktari. Omba majibu ya maabara kwa maandishi na uweke nakala. Sisi ni watu wa kuhamahama, na daktari wa nchi nyingine atayahitaji.