Kivuli Kinachopima Nyonga

Mwenye baiskeli anajua ya kwamba chuma hakilegei siku moja. Gololi husaga kikombe chake pole pole, gurudumu huanza kuyumba, na siku fundi anapofungua anakuta unga mweusi ndani ya grisi. Lakini je, kama gololi hiyo ingekuwa ndani ya mwili wa mtu, nani angeweza kuifungua kila mwaka ili aitazame?

Nyonga ya mtu imeumbwa hivyo hivyo. Kichwa cha mfupa wa paja ni tufe, nalo huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Katikati liko gegedu laini. Gegedu likiisha, mifupa husagana, na mgonjwa hapati usingizi kwa maumivu.

Huko Uingereza, katika hospitali ya Wrightington iliyo Lancashire, daktari John Charnley alitafuta dawa ya ugonjwa huo. Alikata kichwa cha mfupa, akatia tufe dogo la chuma cha pua, upana wake milimeta 22 na robo hivi. Upande wa pili akatia kikombe cha plastiki iitwayo Tefloni, ile ile inayopakwa ndani ya vikaango ili chakula kisigande. Tangu mwaka 1958 hata 1962 watu wapata 300 walitiwa vikombe hivyo. Waliokuwa wamelala walisimama, wakatembea, wakamshukuru.

Kumbe furaha hiyo ilikuwa ya muda! Picha za eksirei zilizopigwa baadaye zilionyesha tufe likizama zaidi na zaidi. Lilikuwa linachimba kikombe chake, na unga wa Tefloni ulikuwa unaleta uvimbe na kulegeza kiungo. Charnley ilimbidi awapasue tena watu wale wale waliomshukuru. Hakujificha. Alipandikiza hata Tefloni iliyosagwa katika paja lake mwenyewe, ili aone nyama ya mwili itafanya nini.

Mwaka 1962 mchuuzi mmoja alileta hospitalini plastiki nyingine, polietilini ngumu iliyotumika katika mitambo ya kufumia nguo. Charnley aliiparuza kwa ukucha, akaidharau. Fundi wake, Harry Craven, hakuitupa. Aliifunga katika mashine yake ya majaribio, bwana wake akiwa safarini. Ikasuguliwa usiku na mchana kwa majuma matatu, nayo haikulika hata kiasi kile ambacho Tefloni hulika kwa siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikaanza kutiwa katika nyonga za wagonjwa.

Lakini nani aliyeumwa na nyoka asiogope ung'ongo? Plastiki mpya nayo ilipaswa kuchunguzwa mwaka kwa mwaka, na hapo palikuwa na shida: plastiki haionekani katika eksirei. Miali huipenya tu. Basi kikombe kikazungushiwa waya mwembamba, maana waya huonekana. Tazameni sasa jinsi hesabu ilivyo rahisi. Tuseme mganga anapima nafasi iliyo kati ya tufe na waya: mahali pembamba anapata milimeta 4, na upande wa kuelekea huko milimeta 8. Tofauti ni 4. Nusu yake, yaani milimeta 2, ndiyo safari ambayo tufe limekwenda kutoka katikati.

Liko jambo moja la kuangalia. Picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli hukuza vitu, kama mkono ulio karibu na taa unavyokuwa mkubwa ukutani. Lakini upana wa tufe unajulikana. Likionekana katika picha lina milimeta 26.7, mganga ajua ya kuwa kila kitu kimekuzwa mara 1.2, naye hugawanya kwa hesabu hiyo. Hivyo chuma kile kile kinachokula kikombe ndicho kinachokuwa rula.

Tena haifai kutegemea picha moja. Katika mwaka wa kwanza au wa pili plastiki hubonyea, kama godoro jipya linavyobonyea, na kubonyea siyo kulika. Kwa hiyo picha za zamani hutunzwa, zikalinganishwa na mpya. Aliyetupa picha ya kwanza amejinyima mwanzo wa hesabu.

Kwa nini taabu yote hiyo kwa ajili ya milimeta moja? Kwa sababu ya unga. Tufe la milimeta 22 likizama milimeta 1 tu, hutoa unga wa milimeta za ujazo karibu 390. Tufe la milimeta 32 likizama kina kile kile, hutoa karibu 800. Wanafunzi waweza kuhakikisha kwa hesabu ya eneo la duara. Chembe hizo ni ndogo mno. Chembechembe za ulinzi za mwili huzimeza, zisiweze kuziyeyusha, na katika vita hivyo mfupa wa jirani huliwa. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni hakuna maumivu: mtu hutembea vizuri, huku mfupa wake ukitoboka. Waganga wengi hutaja mpaka wa sehemu ya kumi ya milimeta kwa mwaka. Kikombe kinacholika chini ya hapo huharibu mfupa mara chache.

Rula na jicho havitoshi kwa vipimo vidogo hivyo. Huko Lund, nchini Uswidi, Göran Selvik alieleza mwaka 1974 njia yenye uangalifu zaidi. Vishanga vidogo vya madini ya tantalu hupandikizwa katika mfupa na katika plastiki, kisha picha mbili hupigwa kwa pamoja kutoka pande mbili, na hesabu huonyesha mahali hasa pa kila kishanga. Siku hizi kompyuta ndiyo inayohesabu. Njia hiyo imekuwa ya lazima hasa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, ilipoanza kutumika polietilini iliyokazwa kwa mionzi, inayolika kidogo sana. Kwa rula ya zamani mganga angengoja miaka mingi kabla ya kuona tofauti, na wagonjwa wa Tefloni walikwisha onyesha gharama ya kungoja.