Safari ya Garimoshi Pamoja na Watu wa Nyumbani

Ndugu zetu Waislamu wa Inyonga na wilaya nzima ya Mlele, wengi wetu twasafiri, lakini twasafiri peke yetu. Baba huenda Mpanda kuuza asali, au Tabora kwa shughuli zake, na mama na watoto hubaki nyumbani wakingoja habari. Mwezi huu twapenda kuwashauri jambo jingine: wachukueni watu wa nyumbani mwenu, mkapande garimoshi pamoja, mkawazuru jamaa. Kuunga udugu ni ibada, na Qur'ani imetuhimiza tutembee katika ardhi tukazingatie.

Reli haifiki Inyonga. Yapasa kwanza kwenda Mpanda kwa barabara, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kutoka hapo reli yaelekea Kaliua, kiasi cha kilomita 210, ikipita Katumba, misitu ya miyombo na mto Ugalla. Kaliua huungana na Reli ya Kati iendayo Tabora.

Njiani waelezeni watoto asili ya reli hiyo. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mpanda lilijengwa zama za Waingereza, na kufikia mwaka 1950 lilikuwa limekamilika. Shabaha yake ilikuwa kuchukua madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda. Mgodi ule ukafungwa mwaka 1960. Walioitandika reli hawakuwa na nia ya kumpeleka bibi kwa wajukuu zake, lakini risasi imekwisha na bibi angali akisafiri. Hivyo ndivyo Mwenyezi Mungu apitishavyo kheri zake kwa mikono ya watu wasiozikusudia.

Ama jambo kubwa tulitakalo kuwaonya ni sala. Tumeona mara nyingi watu wasioacha sala nyumbani, lakini wakiingia behewani huiacha hata wakafika. Mtoto aonaye hayo hujifunza kuwa sala ni desturi ya mtaani, si haki ya Mungu. Darasa la mwaka mzima laweza kubomolewa na safari ya siku moja.

Na dini yetu haina uzito. Msafiri wa safari ndefu ya halali ameruhusiwa kufupisha Adhuhuri, Alasiri na Isha ziwe rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazifupishwi. Aweza pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Awezaye kusimama asisali faradhi ameketi. Kibla cha pande zetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Basi garimoshi liendalo Kaliua huelekea karibu upande huo huo, ingawa reli ina mapindi. Mpeni mtoto mmoja kazi ya kukitafuta kibla, na mwingine kazi ya kuangalia wakati. Masharti mengine waulizeni masheikh wenu kabla ya kuondoka.

Chukueni maji ya kutosha ya kunywa na kutawadha, mkeka, na chakula cha nyumbani. Jirani wa behewani naye apate sehemu yake, awe Mwislamu au asiwe. Ulizeni kwanza stesheni siku za safari, kwani ratiba hubadilika, khasa wakati wa masika.

Twawaombea safari njema na marejeo ya salama. Amin.